VALVU ZA INJINI: KISA CHA FUNDI WA KYELA

1. Njia ya kupanda

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa iko nchi tambarare, yenye rutuba na mvua nyingi, iitwayo Kyela. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio huteremka kutoka milimani, hupita penye mashamba ya mpunga, migomba na mikakao, kisha huingia ziwani. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta juu ya maji. Upande wa kaskazini nchi hupanda mpaka Tukuyu, na kutoka Tukuyu hupanda tena mpaka mabegani mwa Mlima Rungwe. Mchele wa Kyela husifiwa mbali kwa harufu yake nzuri, na wengi waununuao wako Mbeya na katika miji iliyo mbali zaidi. Kwa hiyo mchele huo hauna budi kupanda mlima.

Njia hiyo si nyepesi kwa gari. Uso wa ziwa uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara iendayo Mbeya hupita mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000. Basi gari liondokalo Kyela na magunia huipandisha shehena yake zaidi ya mita 1,500 kabla ya kufika. Tena kadiri lipandavyo, hewa huzidi kuwa nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Injini nzima hustahimili upungufu huo. Injini yenye kasoro hufichuliwa nao. Katika tambarare ya Kyela dereva aweza kuendesha miezi mingi asijue kwamba injini yake ni mgonjwa, lakini akianza kupanda kwenda Tukuyu, ugonjwa hujitokeza. Mfano wake ni kisa hiki.

2. Gari lililoshindwa

Mwezi wa Juni, baada ya mavuno, dereva mmoja alipakia mchele katika pikapu ya petroli yenye injini ya silinda nne. Alikuwa ameahidi kuufikisha kwa mnunuzi Mbeya siku ya Alhamisi. Alipoanza kupanda, injini ilitetemeka, ikapiga mishindo katika bomba la moshi, na nguvu zikapungua hata gari likawa halishindi mtu aendaye kwa miguu. Dereva akageuza, akarudi Kyela polepole, akaenda kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na karakana yake chini ya mwembe.

"Shikamoo, fundi," alisema dereva.

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

"Halina nguvu, fundi. Plagi nimetia mpya, petroli ni safi, na bado linatetemeka."

Fundi aliisikiliza injini, kisha akauliza, "Mara ya mwisho ilifanyiwa kazi gani?"

"Miezi mitatu iliyopita ilikuwa ikigonga juu, ta-ta-ta. Nikampa kijana mmoja njiani, akakaza mahali fulani mpaka kelele zikaisha. Tangu siku ile ilikuwa kimya kama maji ya mtungini."

Fundi hakujibu neno, ila aliyaweka maneno yale moyoni. Akamwita mwanagenzi wake, kijana aliyekuwa amemaliza darasa la saba, alete vyombo.

3. Milango ya injini

Ili kufahamu kazi waliyoifanya watu hawa, yafaa kwanza kujua valvu ni kitu gani.

Mwaka 1876 Mjerumani mmoja, Nikolaus Otto, alifaulu kutengeneza injini iendayo kwa mapigo manne, na mpaka leo injini nyingi za magari hufuata mpango huo. Ndani ya silinda imo pistoni ipandayo na kushuka. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Katika pigo la pili hupanda na kuushindilia mchanganyiko ule. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na katika pigo la tatu nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Hilo ndilo pigo la pekee litoalo kazi. Katika pigo la nne pistoni hupanda tena na kuusukuma moshi nje.

Juu ya silinda kimefungwa kifuniko kizito cha chuma kiitwacho silinda hedi, na ndani yake mna angalau milango miwili kwa kila silinda: mmoja wa kuingiza mchanganyiko na mmoja wa kutoa moshi. Milango hiyo ndiyo valvu. Umbo lake ni kama uyoga wenye shina refu na jembamba. Ukingo wa kichwa chake umechongwa mshazari, mara nyingi kwa pembe ya digrii 45, nao hulala juu ya kiti cha chuma kilichochongwa vivyo hivyo. Mafundi hukiita siti. Shina hupita katika bomba dogo liitwalo gaidi, na springi yenye nguvu huivuta valvu ifunge. Ipasapo kufunguka, mkono mdogo wa chuma uitwao roka huligonga shina na kuisukuma valvu chini.

Injini izungukapo mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Kwa saa moja ni mara 90,000. Na valvu ya kutoa moshi hufanya kazi hiyo katikati ya moto, hata kichwa chake huweza kupata joto la digrii 700 au zaidi, kikawa chekundu.

Mtoto aliyewahi kupika wali ataelewa upesi. Chungu chema, kama vile vya Wakisi wa Ikombe viuzwavyo karibu na Matema, kikifunikwa kwa kifuniko kisicholingana na mdomo wake, mvuke hutoka pembeni na wali hauivi vizuri. Mpishi aweza kuongeza kuni, lakini kuni haziponyi kifuniko. Ndivyo ilivyo injini ambayo valvu zake hazifungi sawasawa. Katika pigo la pili mchanganyiko huvuja, na katika pigo la tatu nguvu ya moto hutoroka. Dereva hukanyaga mafuta zaidi, petroli huliwa bure, na gari haliendi.

4. Kuutafuta ugonjwa

Fundi mwema hafungui injini kabla ya kujua anatafuta nini. Mzee yule alitoa plagi zote nne, akakata umeme wa cheche, kisha akafunga geji ya kupimia msongo katika tundu la silinda ya kwanza. Akamwambia dereva akanyage mafuta mpaka mwisho na kuzungusha injini kwa stata. Mwanagenzi akaandika vipimo daftarini. Silinda ya 1 ilionyesha kilo 11 kwa kila sentimita mraba, ya 2 kilo 10 na nusu, ya 3 kilo 5 tu, na ya 4 kilo 11.

"Ugonjwa uko katika silinda ya 3," alisema mwanagenzi.

"Ni kweli," akasema fundi, "lakini uko juu au chini?"

Akamimina kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi ya silinda ile, akapima tena. Sababu yake ni hii: oili huizunguka pistoni na kuziba kwa muda nafasi zilizoko kwenye ringi zake. Kipimo kikipanda sana, ringi ndizo zilizochakaa. Kisipopanda, uvujaji uko juu, katika valvu au katika gasketi. Safari hii kipimo hakikupanda. Kisha fundi akaipandisha pistoni ile juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, akaingiza hewa ya pampu katika tundu la plagi. Mwanagenzi akatega sikio kwenye bomba la moshi, akasikia sauti nyembamba, kama nyoka apumuaye nyasini.

"Hewa inatokea huku, fundi!"

"Basi ni valvu ya kutoa moshi. Sasa tufungue."

5. Kuifungua silinda hedi

Walingoja injini ipoe kabisa, kwa maana silinda hedi ifunguliwayo ikiwa moto huweza kupinda. Wakafungua betri, wakamwaga maji ya rejeta, wakatoa mabomba ya hewa na ya moshi, kisha roka na vijiti vyake vya kusukumia. Bolti zilizoshika silinda hedi hawakuzifungua ovyo. Walianza na zile za pembeni wakaelekea katikati, kila moja ikilegezwa kidogo kidogo kwa zamu, ili chuma kisivutwe upande mmoja.

Mwanagenzi alikuwa amechukua kipande cha boksi na kukitoboa matundu manane, akayaandika kwa kalamu ya risasi: silinda ya 1 kuingiza, silinda ya 1 kutoa, na kuendelea mpaka ya 4. Kila valvu iliyotolewa ilichomekwa katika tundu lake pamoja na springi yake. Jambo hili laonekana dogo, lakini valvu iliyozoeana na kiti chake na gaidi yake haifai kupelekwa penginepo.

Ili kuitoa valvu, springi yake hukandamizwa kwa kibano, na hapo hutolewa vipande viwili vidogo, kama nusu mbili za pete, vilivyoishika shingoni. Fundi alimkataza mwanagenzi asiweke uso wake juu ya springi, kwa sababu kibano kikiteleza springi huruka kwa nguvu na kuweza kupofusha jicho.

Valvu ya kutoa ya silinda ya 3 ilipotoka, dereva alishangaa. Ukingo wake ulikuwa umeliwa, una pengo kama mdomo wa mtungi uliomeguka.

"Nani ameimega?" aliuliza.

"Moto," alijibu fundi. "Na aliyeufungulia moto njia ni yule kijana aliyeinyamazisha injini yako."

Kisha akaeleza. Kati ya roka na ncha ya shina la valvu hubakizwa nafasi ndogo sana, sehemu mbili au tatu za kumi za milimita. Chuma kipatapo joto hurefuka. Valvu ikirefuka huijaza nafasi ile, lakini bado hukaa juu ya kiti chake. Ikiwa hakuna nafasi, shina lililorefuka hugota kwenye roka, na kichwa cha valvu hubaki kimeinuka kidogo, labda kwa unene wa unywele. Katika ufa huo moto wa silinda hupita kwa kasi kubwa na kukata chuma. Hasara nyingine ni hii: valvu hupoa hasa wakati ikaapo juu ya kiti, kwa kuwa joto lake hupita kitini na kuchukuliwa na maji yazungukayo ndani ya silinda hedi. Valvu isiyokaa haipoi. Huzidi kupata joto, huzidi kurefuka, na ufa huzidi kupanuka.

"Mgongo ule mwepesi uliousikia zamani," akasema fundi, "ulikuwa sauti ya nafasi ile. Ukizidi sana ni dalili ya kuchakaa, na hupimwa na kurekebishwa. Lakini kuunyamazisha kabisa ni kuiziba injini pumzi."

Dereva akainamisha kichwa, akakumbuka jinsi alivyofurahia ukimya ule.

6. Valvu ya pili

Masizi yalikwanguliwa kwa kipande cha mbao ngumu na brashi, bila kuukwaruza uso wa chuma. Baadaye fundi alizichunguza valvu zote moja moja. Alizivingirisha juu ya kioo aone kama mashina yamenyooka, akazitikisa katika gaidi zake aone kama zinachezacheza. Sita zilikuwa njema. Lakini valvu ya kutoa ya silinda ya 2 ilikuwa imekonda shingoni, mahali shina linapokutana na kichwa.

"Hii nayo haifai," alisema.

Dereva akahuzunika. "Fundi, silinda ya 2 ilikuwa na nguvu. Geji imeonyesha kilo 10 na nusu. Duka la hapa lina valvu moja tu. Ya pili mpaka iletwe kutoka Mbeya, na Alhamisi ni kesho kutwa. Nirudishie hii, nikipata fedha ya mchele nitainunua."

Fundi akamwekea valvu ile kiganjani. "Leo inafunga, ni kweli. Lakini shingo hii ikikatika mlimani, kichwa kitaanguka juu ya pistoni, na pistoni yapanda mara 50 kwa sekunde. Itavunjika pistoni, itatoboka silinda hedi, na gari litalala barabarani na magunia yako juu yake. Mchele mkavu ulio ghalani hauharibiki kwa siku mbili. Mpigie simu mnunuzi, umweleze kweli."

Dereva alikaa kimya kitambo. Siku mbili kwake zilikuwa hasara, maana alikuwa ameahidi. Mwishowe alipiga simu. Mnunuzi alinung'unika, akapunguza bei kidogo, lakini akakubali kungoja. Valvu ikaagizwa Mbeya, ije kwa basi.

7. Kusaga

Kiti cha silinda ya 3 kilikuwa kimeunguzwa pia, kwa hiyo fundi alikichonga upya kwa kisu cha mviringo chenye pembe ya digrii 45, akikizungusha kwa mkono taratibu mpaka chuma safi kikaonekana pande zote. Hakukata zaidi ya ilivyohitajiwa, maana kila kikatwapo kiti, valvu huzama zaidi katika silinda hedi.

Viti vya injini hufanywa vigumu kwa sababu maalumu. Kuanzia miaka ya 1920 petroli ilikuwa ikitiwa dawa yenye madini ya risasi, na madini hayo yaliacha utando mwembamba uliokinga viti vya valvu visilike. Lakini risasi ni sumu, nayo hudhuru hasa ubongo wa watoto wavutao moshi wa magari. Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuuza petroli ya namna hiyo. Tangu hapo injini za kale zenye viti laini huhitaji kutiwa viti vya chuma kigumu.

Baada ya kuchonga huja kazi ya kusaga, na hiyo alipewa mwanagenzi. Alipaka dawa ya kusagia, ambayo ni grisi yenye chembe ngumu kama mchanga mwembamba, katika ukingo wa valvu. Akagandisha kichwani mwake kijiti chenye kikombe cha mpira, akaanza kukizungusha baina ya viganja, huku na huku, kama mtu apekechaye moto. Kila baada ya kitambo aliinua valvu na kuigeuza kidogo, ili chembe zisichimbe mahali pamoja. Alianza na dawa nzito, akamaliza na dawa laini.

Baada ya dakika chache alisema, "Tayari, fundi."

"Mwenye kusema tayari ni kipimo," akajibu mzee. "Lete kalamu yako."

Valvu ilipofutwa, mwanagenzi alichora mistari mingi midogo ya kalamu ya risasi kuvuka ukingo wake. Fundi akaiweka kitini, akaigeuza robo ya mzunguko, akaitoa. Mistari ya upande mmoja ilikuwa imefutika, lakini minne ya upande wa pili ilikuwa mizima. Maana yake mahali pale valvu haikugusa kiti.

Mwanagenzi aliona haya, akarudia kazi. Jua lilikuwa limeinama kuelekea Songwe alipochora mistari tena, na safari hii yote ilikatika. Mkanda wa kijivu, wenye upana wa milimita moja na nusu hivi, uliizunguka valvu bila kukatika popote. Siku ya pili alisaga zilizobaki, na valvu ya Mbeya ilipofika akaisaga hiyo pia. Hakungoja kuambiwa kuchora mistari.

Sehemu zote zilioshwa kwa mafuta ya taa, zikapulizwa kwa hewa na kufutwa mara tatu. Chembe moja ya dawa ikibaki, huingia katika oili na kuisaga injini yenyewe. Kisha valvu zikapakwa oili mashinani, zikarudishwa mahali pake pamoja na sili mpya na springi. Mwisho silinda hedi ililazwa juu chini, na mafuta ya taa yakamiminwa kwenye vichwa vya valvu. Walingoja robo saa, wakachungulia katika njia za hewa na moshi. Zote zilikuwa kavu.

8. Kufunga na kupanda

Kabla ya kufunga, fundi alisimamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya uso wa silinda hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, akajaribu kupenyeza kipande chembamba cha kupimia chini yake. Hakikupita, na hiyo ilikuwa dalili kwamba uso haukupinda. Gasketi mpya ikawekwa, kwa kuwa ya zamani ikisha kubanwa haizibi tena vema. Bolti zilikazwa kwa kuanza katikati na kuelekea pembeni, kwa zamu tatu, mpaka kufikia kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini ile.

Injini ilipokwisha kupata joto, fundi alipima nafasi za roka kama kitabu kilivyotaja: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa valvu za kutoa. Geji ilipofungwa tena, silinda zote nne zilikaribiana, hakuna iliyopungua kilo 10 na nusu.

Dereva aliwasha injini, akatega sikio. Ta-ta-ta, sauti nyepesi sana ilisikika juu.

"Inagonga," alisema, kisha akacheka mwenyewe. "Iache igonge."

Alfajiri ya Ijumaa pikapu iliondoka Kyela na magunia yake. Ilipita Tukuyu kabla ya jua kuwa kali, ikapanda mabega ya Rungwe katika ukungu bila kutetemeka, ikateremka kuelekea Uyole na Mbeya. Mchana mwanagenzi alipokea simu ya dereva. "Mwambie mzee, nimefika. Ndaga fijo!"

Mzee aliposikia, alitikisa kichwa tu, akaendelea kumwonyesha kijana jinsi ya kuzipanga spana. Ile valvu iliyomegwa na moto aliitundika kwenye shina la mwembe, ili kila dereva ajaye na kuomba injini yake inyamazishwe aonyeshwe kwanza.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa valvu ile haukuzidi unene wa unywele, lakini uliinyima injini nguvu ya silinda nzima, ukala petroli ya miezi mitatu, ukampunguzia mtu bei ya mchele wake. Si magari peke yake yenye milango hiyo. Mashine za kukoboa mpunga ziendazo kwa dizeli, na meli za injini zisafirizo katika Ziwa Nyasa, zina valvu pia, nazo hutaka uangalifu ule ule: kupima kabla ya kufungua, na kupima tena kabla ya kusema kazi imekwisha.

Maneno ya kujifunza

Mwanagenzi: mtu ajifunzaye kazi kwa fundi.
Msongo: nguvu ya hewa au maji yaliyoshindiliwa.
Kupekecha: kuzungusha kijiti kwa viganja.
Mshazari: wa kuinama upande, usio wima wala wa kulala.
Masizi: weusi ulioachwa na moshi.
Kuchakaa: kulika au kuharibika kwa kutumiwa sana.

Maswali

1. Kwa nini kasoro ya injini huonekana upesi zaidi katika njia ya kwenda Tukuyu kuliko katika tambarare ya Kyela?
2. Taja mapigo manne ya injini. Katika pigo lipi injini hutoa kazi?
3. Fundi alimimina oili katika silinda ya 3. Alitaka kujua nini, na alijuaje?
4. Eleza jinsi ukimya wa injini ulivyosababisha valvu kuungua.
5. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara ngapi kwa sekunde moja?
6. Geji ilionyesha kwamba silinda ya 2 ina nguvu. Je, fundi alifanya vema kuikataa valvu yake? Toa sababu zako.
7. Nyumbani, funika chungu chenye maji yachemkayo kwa kifuniko kinacholingana, kisha kwa kifuniko kisicholingana. Andika uliyoyaona, uyafananishe na kazi ya valvu.